Saizi Ipi Itanikaa? Majibu kwa Wanaonunua Nguo Mtandaoni

Barua nyingi za toleo hili zinahusu nguo zilizofika nyumbani zikabana, zikapwaya, au zikagoma kupita kabisa. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Nina magauni matatu yanayonikaa vizuri: moja limeandikwa 12, la pili 40, la tatu M. Nimeagiza la nne, 12 vilevile, likakwama nyongani. Mwili wangu haujabadilika. Tatizo liko wapi?

Tatizo liko kwenye namba. Saizi ni jina, na kila kampuni hulipa jina hilo maana yake yenyewe. Marekani walijaribu kuweka kipimo kimoja. Kati ya 1939 na 1940 walipima wanawake karibu 15,000, na 1958 serikali ikatoa kiwango rasmi cha saizi za wanawake. Hakikufanya kazi vizuri. Vipimo vya wanawake wasio wazungu viliwekwa kando tangu mwanzo, na umbo lililochukuliwa kuwa la kawaida halikuwa la wengi. Kiwango hicho kilifutwa 1983, na tangu hapo kila kampuni inajipangia. Nyingi zimeshusha namba makusudi kwa sababu mnunuzi hufurahi kuona saizi ndogo, ndiyo maana 12 ya miaka ya 1950 ni ndogo waziwazi kuliko 12 ya leo.

Juu ya hilo, nchi hazihesabu sawa. 12 ya Uingereza hukaribiana na 8 ya Marekani, 38 ya Ujerumani, 40 ya Ufaransa na 44 ya Italia. Kwa hiyo ukiona «saizi 40, Ulaya», bado hujaambiwa kitu: 40 ya Ujerumani ni 42 ya Ufaransa na 46 ya Italia. Herufi S, M na L ni mbaya zaidi, maana kila moja hubeba saizi mbili au tatu za namba.

Kisha kuna kiwanda chenyewe. Vitambaa hupangwa tabaka nyingi na kukatwa kwa pamoja, halafu kila fundi hushona kwa mkono wake. Tofauti ya sentimita 1 hadi 2 kati ya nguo mbili za saizi moja huhesabiwa kuwa ya kawaida na hupita ukaguzi. Ikiwa gauni lako la zamani lilikuwa kubwa kwa sentimita 1 na hili jipya ni dogo kwa sentimita 1, umeshapoteza 2 bila mtu yeyote kukosea.

Acha kutafuta «saizi yangu». Andika vipimo vyako kwenye simu kwa sentimita, na uvilinganishe na jedwali la nguo hiyohiyo unayotaka kununua, wala si jedwali la jumla la duka zima.

Nijipimeje nikiwa peke yangu nyumbani? Kila nikipima napata jibu tofauti.

Majibu hutofautiana kwa sababu futikamba hupinda mgongoni, ambako huoni. Simama mbele ya kioo, pima ukiwa na nguo za ndani tu, zile utakazovaa na nguo hiyo, na uangalie kwenye kioo kama futikamba imelala sambamba na sakafu pande zote. Ikaze kiasi cha kugusa ngozi bila kuibonyeza. Pumua kawaida. Pima mara mbili. Zikitofautiana kwa zaidi ya sentimita 1, pima mara ya tatu.

Kifua hupimwa mahali kinapojaa zaidi, futikamba ikipita chini ya kwapa na juu ya mifupa ya bega nyuma. Kiuno wengi hukikosea kwa kupima pale mkanda wa suruali unapokaa. Inama upande mmoja: panapojikunja ndipo kiuno kilipo. Nyonga hupimwa panapojaa zaidi, ambapo kwa watu wengi ni sentimita 18 hadi 22 chini ya kiuno, miguu ikiwa imebanwa pamoja. Pima nyonga tena ukiwa umekaa kwenye kiti kigumu. Utaona imeongezeka sentimita kadhaa, na hizo ndizo hupasua mshono wa sketi isiyovutika.

Mkono hupimwa kuanzia ncha ya mfupa wa bega, kupitia kiwiko kilichokunjwa kidogo, hadi mfupa wa kifundo. Ukipima mkono ulionyooka, shati litakuwa fupi kila unapokunja.

Hata hivyo, kipimo tunachokiamini kuliko vyote hupatikana kwenye nguo, si mwilini. Chukua shati au gauni ulilonalo ambalo linakukaa unavyopenda. Lilaze juu ya meza, funga vifungo, lisawazishe kwa mkono bila kulivuta. Pima kutoka kwapa hadi kwapa, kiuno upande hadi upande, upana wa mabega kutoka mshono hadi mshono, na urefu kutoka bega karibu na kola hadi pindo. Vipimo vya kifua na kiuno vizidishe kwa 2. Kwa suruali, pima kiuno, nyonga, paja chini kidogo ya msamba, mguu wa ndani, na umbali wa mbele kutoka msamba hadi ukanda wa kiuno. Kipimo hiki cha mwisho madukani hukisahau, nacho ndicho huamua kama suruali itakufika kiunoni au itaishia nyongani.

Fanya hivyo kwa nguo moja ya kila aina: shati moja, gauni moja, suruali ya kitambaa, jinzi, koti. Vipimo vya shati havikuambii lolote kuhusu koti.

Kifua changu ni sentimita 92. Jedwali la duka moja linaonyesha M ni 92, la duka jingine linaonyesha M ni 104. Je, duka la pili linashona nguo kubwa?

Huenda hapana. Duka la kwanza limeandika kipimo cha mwili wa mtu anayefaa kuvaa M, la pili limeandika kipimo cha nguo yenyewe. Ni kosa la maduka kutolisema, nalo linawagharimu wanunuzi kuliko kosa lingine lolote la jedwali.

Ukitaka kutambua, tazama mchoro ulio kando ya jedwali. Umbo la mtu maana yake mwili. Picha ya nguo iliyolazwa maana yake nguo. Vipimo kama 88–92 kwa kawaida ni vya mwili, kwa sababu nguo haiwezi kuwa na upana mbili kwa wakati mmoja. Na ukiona kifua cha mtu mzima kimeandikwa 52, hicho ni upana wa upande mmoja, zidisha kwa 2.

Tofauti kati ya mwili na nguo ni nafasi ya kupumua na kusogea. Kwa kitambaa kisichovutika, blauzi au gauni la kukaa mwilini huhitaji sentimita 5 hadi 10 za ziada kifuani, shati la kiume la kawaida sentimita 12 hadi 16, na koti la kuvaliwa juu ya sweta 15 hadi 20. Nyongani acha 4 hadi 6 angalau. Kiunoni kwa suruali au sketi, 1 hadi 3 zinatosha. Fulana ya kitambaa cha kufumwa inaweza kuwa sawasawa na mwili, na nguo za mazoezi zenye elastani, yaani nyuzi zinazovutika kama mpira, huwa ndogo kuliko mwili kwa makusudi.

Kwa hiyo M yenye 104 kwa mwili wako wa 92 ina nafasi ya sentimita 12. Kwa shati la kupwaya kidogo ni sawa. Kwa gauni la kubana itakuwa nyingi.

Kifua changu kinaangukia M, nyonga L. Kila saizi ninayochukua inakosea mahali.

Chagua kwa sehemu ambayo fundi hawezi kuirekebisha. Kupunguza kiuno kwa sentimita 2 hadi 4 ni kazi ndogo, kufupisha mikono na pindo ni kazi ndogo zaidi. Mabega ni kazi kubwa na aghali, kwa sababu mikono yote lazima ifumuliwe. Kuongeza karibu haiwezekani: nguo za kiwandani huachwa akiba ya mshono, yaani kitambaa cha ziada kilichofichwa ndani, ya sentimita 1 hivi, na nyingine zimekatwa na kuunganishwa ukingoni bila akiba yoyote.

Kwa gauni la kunyooka na suruali, fuata nyonga, kisha punguza juu. Kwa koti na blezi, fuata mabega. Kwa gauni linalopanuka kuanzia kiunoni, nyonga haina maana, chukua M. Na mahali penye uchaguzi, nunua vipande viwili badala ya gauni: blauzi ya M na sketi ya L. Kwa umbo lako hiyo ndiyo njia isiyo na hasara.

Jinzi zilinikaa barabara siku ya kwanza, baada ya wiki zinashuka. Nyingine nilizifua mara moja zikawa za mdogo wangu. Kitambaa kimoja, tabia mbili?

Si kitambaa kimoja. Soma lebo ya malighafi kabla ya kusoma saizi.

Jinzi yenye pamba 98% na elastani 2%, au spandeksi kama wengi wanavyoiita, hulegea ukiivaa, hasa magotini na kiunoni, kisha hurudi kiasi ikifuliwa. Nunua ile inayokubana kidogo bila kukuumiza. Ya pamba 100% nayo hulegea kiunoni, sentimita 1 au 2, lakini haikusamehe ukikosea nyonga.

Kusinyaa ni jambo tofauti. Nyuzi huvutwa kwa nguvu wakati wa kufuma na kumalizia kitambaa, na maji yanapoingia hulegea na kurudi kwenye urefu wao. Pamba ambayo haikusinyazwa kiwandani hupoteza kwa kawaida 3% hadi 5%. Kwa fulana yenye kifua cha sentimita 100, 5% ni sentimita 5, yaani saizi nzima imepotea kwenye beseni. Denimu ghafi, ile ngumu isiyofuliwa kiwandani, inaweza kupoteza hadi 10% ya urefu. Viskosi isiyotibiwa, kitambaa laini cha nyuzi zitokanazo na miti, nayo si ya kuaminiwa. Poliesta haisinyai kwa kufuliwa kawaida. Sufu ni hatari ya namna yake: joto pamoja na kusuguliwa hufanya nywele zake zishikane, na hapo hakuna kurudi nyuma.

Tafuta maneno «imeshasinyazwa» au «sanforaizi» kwenye maelezo. Njia hiyo ilibuniwa na Mmarekani Sanford Cluett mnamo 1930: kitambaa hubanwa kwa mashine kabla ya kukatwa, kusinyaa kunabaki chini ya 1%. Pasipo maelezo hayo, kwa pamba tupu ongeza 5% kwenye vipimo unavyovitaka, na uifue kwa maji baridi.

Jambo moja zaidi kuhusu jinzi. Namba ya kiuno, kama 32, inadaiwa kuwa inchi, na inchi moja ni sentimita 2.54. Ingetakiwa kuwa sentimita 81. Ipime: mara nyingi utakuta 84, 86 au zaidi. Na jinzi nyeusi ya aina ileile na saizi ileile inaweza kubana kuliko ya buluu iliyopauka, kwa sababu rangi na uoshaji wa kiwandani hubadili kitambaa. Usidhani rangi ya pili itakukaa kama ya kwanza.

Duka linaniuliza urefu na uzito, kisha linasema «wewe ni M». Niliamini?

Liamini kama dokezo. Mfumo wa namna hiyo hulinganisha majibu yako na ya wanunuzi waliobaki na nguo na waliozirudisha, na kwa mtu mwenye umbo la kawaida hukisia vizuri. Lakini uzito hausemi umekaa wapi. Watu wawili wenye urefu sentimita 165 na kilo 70 wanaweza kutofautiana saizi mbili nyongani. Mfumo ukiuliza pia umbo la tumbo, nyonga na jinsi unavyopenda nguo ikae, dokezo lake lina uzito zaidi. Kwa nguo mpya ambayo haijanunuliwa na wengi, hauna cha kujifunzia.

Maoni ya wanunuzi yana faida kubwa ukijua kuyachuja. «Nzuri sana, imenikaa» halina kazi. Tafuta anayetaja urefu wake, kipimo chake na saizi aliyochukua. Mtu mmoja akisema inabana ni mtu mmoja. Wengi wakitaja mahali pamoja, mathalani mikono ya juu, hapo pana kasoro ya ukataji. Angalia na tarehe, kwa maana kiwanda kinaweza kubadili kitambaa na maoni ya zamani yakabaki yakisifu nguo ambayo haipo tena.

Picha ya mwanamitindo isikushawishi. Nguo nyingi hubanwa kwa klipu mgongoni ili zionekane zimekaa. Duka likisema ana sentimita 178 na amevaa S, nawe una 160, pindo linalomfika gotini litakufika chini ya goti.

Kwenye lebo ya koti nimekuta 170/88A, na jingine 50. Ni saizi gani hizi?

La kwanza limefuata utaratibu wa Uchina: mtu wa urefu wa sentimita 170, kifua 88, na A ni umbo, yaani tofauti ya kifua na kiuno. Y ni kiuno chembamba zaidi, A cha wastani, B na C huenda kikipanuka. Ni lebo ya kweli kuliko M yoyote. La pili ni la Ulaya la kiume: nusu ya kifua, kwa hiyo 50 ni kifua cha sentimita 100. Ondoa 10 upate namba ya Uingereza na Marekani, 40.

Sidiria. Naomba msaada tu.

Pima chini ya matiti, futikamba ikiwa imekaza. Tuseme 76. Namba ya karibu katika utaratibu wa Ulaya ni 75. Kisha pima panapojaa zaidi, tuseme 91. Tofauti ni 15. Tofauti ndiyo hutoa herufi ya kikombe: sentimita 12 hadi 14 ni A, 14 hadi 16 ni B, 16 hadi 18 ni C, ikiendelea hivyo kila sentimita 2. Wewe ni 75B, ambayo Ufaransa huandikwa 90B, na Uingereza na Marekani 34B.

Mkanda ukibana lakini vikombe vikiwa sawa, panda mkanda na ushuke herufi: 80A. Ukilegea, 70C. Ujazo wa kikombe ni uleule. Kuanzia D kwenda juu uwe mwangalifu: Uingereza huweka DD kati ya D na E, na FF baada ya F, ilhali Ulaya huenda D, E, F, G. F ya Uingereza ni G ya Ulaya. Sidiria mpya ikae sawa kwenye ndoano ya nje kabisa, kwa sababu mkanda utalegea na utazihitaji za ndani.

Nimefungua duka la nguo mtandaoni. Zinazorudi ni nyingi na sababu ni ileile, «saizi haikufaa». Nirekebishe nini kwenye ukurasa?

Anza na sababu yenyewe, maana «saizi haikufaa» haikufundishi kitu. Badilisha fomu ya kurudisha: ndogo kifuani, ndogo nyongani, kubwa kiunoni, fupi, ndefu, kitambaa tofauti na picha. Ndani ya muda mfupi utajua nguo gani ina kasoro gani, na utaweza kuandika juu ya ukurasa wake: «Inabana nyongani, chukua saizi moja juu.» Sentensi hiyo moja ina faida kuliko jedwali zuri.

Mzigo ukifika, usinakili jedwali la msambazaji. Chukua nguo tatu za kila saizi, zipime zikiwa zimelazwa, uandike wastani. Rudia kwa kila mzigo mpya. Weka safu mbili zilizotajwa waziwazi, «mwili wako» na «nguo yenyewe», na kitufe cha kubadili kati ya sentimita na inchi.

Jedwali liwe maandishi, lisiwe picha. Picha kwenye simu haisomeki, na mnunuzi akiikuza hupoteza safu ya saizi pembeni. Lifunguke kwenye kidirisha juu ya ukurasa uleule, kutoka kwenye kiungo kilicho jirani kabisa na vitufe vya saizi. Ukimpeleka kwenye ukurasa mwingine, wengine hawarudi, na wanaorudi hukuta chaguo lao limefutika.

Usimchagulie saizi mapema. Kitufe kikiwa kimeshabonyezwa kwenye M, kuna watakaolipia M bila kukusudia. Tumia vitufe vinavyoonekana vyote badala ya orodha iliyofichwa, na saizi iliyokwisha ibaki ikiwa imefifishwa, yenye nafasi ya kuomba taarifa ikirudi. Ukiiondoa, mtu hudhani hushoni saizi yake.

Piga picha mbele, nyuma na ubavuni, bila klipu, kwa watu wawili wa maumbo tofauti ukiweza. Andika urefu, kifua, kiuno na nyonga za kila mmoja na saizi aliyovaa. Eleza kitambaa kwa vipimo: kipande cha sentimita 10 huvutika hadi ngapi, kinaonyesha ndani au la, uzito wake kwa mita ya mraba. Fulana ya gramu 150 ni nyepesi, ya 200 ni nzito, na mnunuzi anayejua hilo hatashangaa kifurushi kikifika.

Nikirudisha, nitalipwa?

Soma masharti kabla ya kulipa: siku ngapi, nani analipia usafirishaji, unarudishiwa fedha au unapewa salio la dukani. Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, sheria humpa mnunuzi wa mtandaoni siku 14 tangu apokee bidhaa kubadili nia bila kutoa sababu. Nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyako haimo.

Ijaribu ndani ya nyumba, bila manukato wala vipodozi, lebo zikiwa zimening'inia. Funga vifungo vyote, kaa, inua mikono, chuchumaa. Piga picha nguo na kifurushi kabla ya kukifunga tena, na utunze risiti ya kutuma hadi fedha ziingie.

Nguo za mtoto huandikwa umri. Wangu ana miaka 5 lakini ni mrefu.

Puuza umri, tafuta maduka yanayotumia urefu. Saizi za Ulaya huenda kwa sentimita 6: 104, 110, 116, 122. Mtoto wa sentimita 113 mchukulie 116. Akiwa mwembamba, chagua suruali yenye lastiki ya kiuno inayokazwa kwa kitufe cha ndani, ambayo itamfaa hadi urefu uishe.